Boliti Nyepesi za Mjomba Tahiri

Baiskeli ya Tahiri ilikuwa nzito, na hilo hakuna aliyelibishia. Ilikuwa nyeusi, ya fremu ndefu, yenye keria ya nondo iliyochomelewa Newala mjini, madigadi ya bati, na kengele ambayo sauti yake hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Ilikwisha kubeba madumu ya maji kutoka visimani bondeni, magunia ya korosho, mbao za mlango, mbuzi wa harusi, na mara moja kitanda kizima cha kamba na mgonjwa juu yake. Miaka yote hiyo, Tahiri akifika chini ya mlima wa kisimani, ule wa mchanga mwekundu unaotoka bondeni hadi kijijini juu ya uwanda, alikuwa anashuka na kusukuma, kama wanaume wote wa pale wanavyofanya: mkono mmoja kwenye usukani, mmoja nyuma ya tandiko, na kichwa kimeinama kama anatafuta sarafu mchangani. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akiupanda mlima ule ameketi. Hata wazo lenyewe halikuwapo, mpaka shemeji yake aliponunua pikapu.

Shemeji huyo aliitwa Sultani, mume wa Zuhra, naye Zuhra alikuwa mdogo wake Tahiri wa tumbo moja. Sultani alikuwa mtu wa Masasi, wa ukoo wa biashara. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa milango, na serikali iliporuhusu watu binafsi kununua korosho, naye akatundika mizani yake chini ya paa la bati kando ya barabara. Haukupita muda akawa na viatu vya ngozi vya kuvaa hata siku za kazi, miwani ya jua ambayo hakuivua ndani ya nyumba, na hiyo pikapu, nyekundu, iliyotumika kwanza na watu wengine huko ng'ambo.

Sasa mtoto wao Rajabu alikuwa jandoni, kambini bondeni, na siku ya kutoka ilikuwa imekaribia. Kwa ukoo wa akina Zuhra, siku hiyo mtoto si wa baba yake, ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayempokea kambini, mjomba ndiye anayemfikisha uani kwa mama yake, na njia nzima miguu ya mtoto haigusi ardhi. Zamani walibebwa mabegani. Baiskeli zilipoingia wakahamia kwenye keria, kanzu mpya mwilini, mwavuli juu, na akina mama nyuma kwa vigelegele. Mjomba akishindwa kumfikisha mwali wake, maana huko hata mvulana wa jando huitwa mwali, basi tena. Ataitwa kwenye vikao, atapewa kigoda, atakunywa chai, lakini akisema neno, liwe la posa au la msiba, watu watatazama pembeni kama vile kuku ndiye aliyelia.

Kikao cha kupanga sherehe kilikaa kwa Zuhra, na balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Selestini, alikuwapo kwa kuwa hakuna kikao kilichokuwa na pilau ambacho yeye hakuwapo. Mambo yalikwenda vizuri hadi Sultani alipokohoa kidogo na kusema dunia imebadilika, na mtoto wake hawezi kutolewa jandoni kwa baiskeli ya maji wakati baba yake ana gari.

"Shemeji, umri nao umekwenda," akamwambia Tahiri kwa upole wa kukera. "Mtoto apande gari, na wewe tutakuweka mbele, pembeni ya dereva."

Tahiri aliona macho ya dada yake yakimtazama. Angeweza kusema mengi ya busara. Lakini neno hilo la umri lilikuwa limemchoma mahali ambapo hata mkewe alikuwa hapachokozi.

"Mjomba hakai pembeni ya dereva," akasema. "Mimi nitampandisha Rajabu mlima wa kisimani kwa baiskeli yangu hii, na wala hutaniona nikiteremka kwenye tandiko."

Mwenyewe Tahiri aliyasikia maneno yale kama yametoka kwa mtu mwingine, mtu mjinga, aliyeketi nyuma yake.

Sultani akavua miwani. "Haya. Balozi umesikia. Siku hiyo nikimwona shemeji ameteremka kwenye tandiko kabla ya kufika juu, mtoto anahamia garini."

Mzee Selestini akasema amesikia, akaomba aongezewe nyama kidogo.

Asubuhi ya pili yake Tahiri alikwenda mlimani kujipima, peke yake, bila hata dumu tupu kwenye keria. Alianza kwa kasi kutoka bondeni. Alipofika pale barabara inapopinda, penye kichuguu, gurudumu likazama, baiskeli ikalala, na yeye akalala nayo. Alirudi nyumbani na mchanga masikioni. Akaketi, akafikiri sana, akafikia uamuzi kwamba baiskeli ni nzito mno.

Mkewe Somoe alikuwa anakoroga ugali wa muhogo. Alimtazama kuanzia juu, macho yakasimama kwenye kitambi, yakakaa hapo kwa muda.

"Baba Pili," akasema, "kilicho kizito hapa si baiskeli."

Tahiri alikula ugali ule wote na kuongezewa, maana alikuwa amechoka.

Habari za boliti alizipata Masasi, alikokwenda juu ya lori la korosho akiwa na gunia lake moja la kuuza. Pale sokoni, katikati ya mitumba, tochi, sabuni za harufu na redio zisizo na mfuniko, palikuwa na meza ya kijana mmoja aitwaye Silvano. Silvano alizaliwa Nanganga, hapohapo jirani, lakini alizungumza kama redio iliyotiwa betri mpya. Alimsikiliza Tahiri mpaka mwisho, jambo ambalo mkewe hakulifanya, kisha akatoa chini ya meza kifuko cha kitambaa, akakifungua polepole kama anafungua hirizi.

Ndani mlikuwa na boliti na nati zake, za kila ukubwa, rangi ya majivu.

Silvano akaeleza kwamba wazungu wa mashindano ya baiskeli hawapandi mlima na boliti za chuma hata siku moja. Huzitoa zote, moja baada ya moja, wakaweka hizi, za madini yanayoitwa taitani, yanayotengenezewa ndege. Akamwekea Tahiri boliti ya chuma kiganja hiki na ya taitani kiganja kile. Na kweli, haikuwa uongo: ile ya taitani ilikuwa nyepesi, kama korosho isiyo na kiini mbele ya korosho nzima.

"Mzee wangu, chuma kinakuvuta chini," akasema Silvano. "Hii imezoea kwenda juu."

Yaliyobaki yalikuwa mapatano tu. Gunia la Tahiri, lililowatoa jasho watu wawili kulipakia kwenye lori, likabaki chini ya meza ya Silvano, na Tahiri akaondoka na kifuko cha kutosha mfuko wa shati. Alijihisi mwepesi papo hapo. Silvano alimfuata hatua chache akampa na masharti bure. La kwanza, wenzetu wakitaka nguvu ya mlima huinua tandiko juu kabisa, magoti yakafunguka. La pili, boliti hizi zisifungwe kavu hata kidogo, zipakwe mafuta mazito kwanza, ama sivyo zitang'ang'ania na hazitatoka mpaka kiama.

Kijijini habari ilimtangulia. Watu walikuja kuzishika boliti, wakazipima viganjani, wakatikisa vichwa. Mwanamume mmoja alisema alipoishika aliona mkono unanyanyuka wenyewe. Mzee Selestini aliishika akatoa hotuba fupi, kwamba haya ndiyo matunda ya soko kufunguliwa, maana zamani tulifungiwa na boliti nzito miaka yote wala hatukuwa na habari. Akataka kuondoka na moja kwa ajili ya kuwaonyesha watu wa kata, Tahiri akamshika mkono kwa heshima zote.

Kazi ya kufunga aliifanya mwenyewe. Fundi angeweza kumwibia. Alitandika mkeka uani, akatoa boliti za chuma zote: za madigadi, za keria, za breki, za usukani, na ile kubwa inayobana tandiko. Somoe akaziokota akazitia kwenye kopo la maziwa, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kisha Tahiri akafika kwenye lile sharti la mafuta mazito. Akaomba mafuta ya nazi. Somoe akasema mafuta ya nazi ni ya mchuzi wa sherehe, na tena ni mepesi. Basi Tahiri akakumbuka kwamba nyuma ya jiko kulikuwa na kopo la mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayochuruzika korosho zinapokaangwa, ambayo kila nyumba ya Newala huyatunza kwa kupaka nguzo na miguu ya vitanda ili mchwa wasile. Hayakuwapo mafuta mazito kuliko yale. Yalivutika kama asali.

"Hayo ni ya mchwa," Somoe akasema mlangoni. "Tangu lini mchwa wakala boliti?"

"Hawatakula," Tahiri akasema. "Ndiyo faida yake."

Akazichovya zote, moja baada ya moja, akazikaza kwa spana hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Tandiko akaliinua mpaka mwisho wa bomba lake, kama wenzetu. Akalipanda akiwa ameegemea ukuta wa ghala, akaona paa la jirani, akaona na mikorosho ya mbali, akajiona mtu mwingine kabisa. Miguu ilikuwa inaning'inia, lakini hilo alisema atalirekebisha baadaye kidogo.

Mchana huohuo aliiburuta baiskeli hadi kwenye mizani ya Sultani. Kabla ya kwenda Masasi alikuwa ameipima pale, na wengi waliiona ile alama ambapo mshale ulisimama. Sasa ikatundikwa tena mbele ya umati. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama palepale ulipokuwa. Haukupungua hata unywele.

Sultani akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini Tahiri hakutahayari. Alisubiri kicheko kiishe, akawauliza watu waliokuwa pale, wakulima wote, kama yupo hata mmoja aliyewahi kuuona mshale wa mizani ile ukisogea kwa faida yake. Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na gunia lake la kukumbuka. Wakaanza kunung'unika, kisha wakakubaliana kwa sauti moja kwamba baiskeli imepungua sana, ila mizani ndiyo ileile. Sultani akafunga duka mapema siku hiyo.

Na kwa kuwa baiskeli sasa ilikuwa nyepesi, Tahiri aliona pamepatikana nafasi ya mapambo. Akaongeza vioo viwili vya pembeni, honi ya mpira, maua ya plastiki kuzunguka usukani, vipande vya mpira nyuma ya madigadi, na redio ya betri iliyofungwa mbele kwa kamba. Akaiegesha uani juani ionekane na wapitao, wala hakuipanda, isije ikachafuka kabla ya siku yake. Jua la Newala likaipiga tangu linapochomoza mpaka linapozama, siku baada ya siku.

Viganja vyake vilikuwa vimeanza kuvimba malengelenge, kama vya mtu yeyote anayeshika mafuta yale bila kujipaka majivu. Alivifunga vitambaa vyeupe. Walipomuuliza, akasema ni glavu za mashindano.

Asubuhi ya kutoka jandoni alivaa kanzu, akavaa kofia, akamwita Somoe amshikie baiskeli apande. Akapanda. Mguu wa kulia ukatafuta pedali, ukaikosa. Wa kushoto nao ukaikosa. Akashuka, akachukua spana ateremshe tandiko. Boliti haikugeuka. Akatumia nguvu, spana ikateleza ikala pembe za boliti, ikabaki duara kama pipi. Akagonga kwa mchi, akamwagia maji ya moto. Mafuta ya korosho yalikuwa yameganda yakawa kitu kimoja na fremu, meusi, magumu kama lami iliyokauka, na kila boliti kwenye baiskeli ile ilikuwa imezikwa humo. Mchwa wasingeingia kweli.

Tahiri akaketi juu ya kinu. Alisikia ngoma bondeni zimekwisha kuanza, na kwa upande wa barabara pikapu inapiga honi. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipomwingia sawasawa. Hakumwogopa Sultani. Alimwaza Zuhra, ambaye baba yao alipokufa alimwambia, sasa mimi nina wewe tu, na ambaye leo angesimama uani na khanga yake imetandikwa chini akimngoja kaka yake atokeze, halafu litokeze gari.

"Kaazime nyingine," akasema kwa sauti ndogo.

"Ya nani?" Somoe akauliza. "Kijiji kizima kimekuja kuangalia hii. Wewe isukume tu, Baba Pili. Maneno mengine niachie mimi."

Akaisukuma mpaka kambini bondeni. Akampokea mwali wake kwa taratibu zake zote, akamweka kwenye keria, akamshikisha mwavuli. Rajabu alikuwa amelishwa kuku na uji wa karanga kwa muda wote aliokaa ndani, na keria ilipiga kelele alipokaa. Redio ikawashwa. Akina mama wakapokea kwa vigelegele. Na Tahiri, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja nyuma ya tandiko lililomfika kifuani, akaanza kusukuma.

Nyuma yao ikafuata pikapu, imepambwa kwa maua na yenyewe, dereva Petro akiiendesha pole kama msiba, na Sultani ametoa kichwa dirishani. Alikuwa anangoja shemeji yake apande, ili amwone akiteremka.

"Shemeji, mbona hupandi?" akauliza walipofika chini ya mlima.

Tahiri akavuta pumzi, akainamisha kichwa. Penye kichuguu gurudumu likazama, kama lilivyozoea, lakini safari hii hakuwa juu yake. Aliitikisa, akaiinua, akaendelea. Kioo kimoja kilidondoka. Malengelenge yalipasuka ndani ya vitambaa, na kila hatua aliyopiga ilimuuma, na akagundua kwamba tandiko lile refu lilikuwa linaingia vizuri chini ya bega lake, kama limetengenezewa kazi hiyo. Akaegemea hapo akasukuma kwa mwili mzima. Hakuwahi kuupanda mlima ule vizuri vile.

Pikapu haikuzoea kwenda pole kiasi kile. Katikati ya mlima ilianza kutoa mvuke, na Petro akasema bila maji haitoki pale. Maji yalikuwa bondeni, kisimani. Sultani akamtazama Petro, akatazama ndoo, akatazama msafara unaopotea juu, akateremka garini, akaanza kuukimbilia msafara mchangani na viatu vyake vya ngozi.

Aliwafikia pale pale uani, Tahiri amebakiza hatua chache kufika kwenye khanga ya Zuhra. Akamshika mkono, akaita balozi. Ngoma zikanyamaza.

Sultani alisema kwa taabu, maana pumzi zilikuwa zimemwishia. Alisema kila mtu ameona, shemeji amekuja kwa miguu, na makubaliano ni makubaliano. Mtoto ahamie garini. Mtu mmoja akauliza gari liko wapi. Akasema hilo ni jambo jingine.

Mzee Selestini akakuna kichwa. Zuhra alikuwa amesimama na mikono kifuani, macho kwa kaka yake. Tahiri alitazama chini. Ndipo Somoe akapita katikati ya watu, akiwa na mwiko bado mkononi.

"Shikamoo balozi."

"Marahaba, Mama Pili."

"Mimi naomba nikumbushwe tu. Siku ile ya kikao, mtoto ahamie garini kwa kosa gani?"

"Kwa mjomba wake kuteremka kwenye tandiko," balozi akasema.

"Vizuri. Yupo aliyemwona ameteremka?"

Somoe akamgeukia Sultani, akamwambia kwa adabu kabisa, "Shemeji, umetoka naye kambini, umemfuata njia nzima, macho yako hukuyabandua. Mtu hateremki kwenye tandiko ambalo hakulikalia."

Mzee Selestini alifikiri kidogo. Harufu ya pilau ilikuwa inakuja kutoka jikoni. Akatamka kwamba kwa mujibu wa maneno yaliyosemwa, na yeye akiwa shahidi, mjomba hajateremka, na sherehe iendelee. Sultani akautazama mchanga uliojaa viatuni mwake, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kama kuna maji ya kunywa. Zuhra mwenyewe ndiye aliyempelekea.

Tahiri akasukuma zile hatua chache. Miguu ya Rajabu ikatua kwenye khanga ya mama yake, na Zuhra akamshika kaka yake mikono yote miwili kwa nguvu. Malengelenge yakamwuma hadi machozi yakamtoka, na watu wakasema, mwoneni mjomba anavyompenda mtoto.

Basi mambo hayakuishia hapo. Waliotoka vijiji vya mbali, ambao hawakuwapo kwenye kikao wala kwenye mizani, walichokiona wao ni mjomba mwenye kanzu na glavu nyeupe, baiskeli yenye tandiko la juu, na mwendo wa taratibu wa kutia heshima. Msimu uliofuata, wajomba wa kuanzia Newala hadi njia ya Lulindi waliwatoa wali wao jandoni kwa mtindo huo: tandiko mpaka mwisho wa bomba, vitambaa viganjani, na marufuku mtu kupanda. Silvano alihamisha meza yake kutoka Masasi, akaja kuuza Newala boliti za jandoni. Alizipaka mafuta ya korosho yeye mwenyewe ili kumpunguzia mteja kazi, na aliyeuliza kama kweli ni za taitani aliambiwa ashike aone mkono unavyonyanyuka.

Tahiri anaitwa kwenye vikao vyote. Akisema neno, watu hunyamaza. Hupenda kueleza jinsi boliti zile zilivyoufanya mlima kuwa mwepesi, na hueleza hivyo akiwa anasukuma madumu yake kutoka kisimani, bega chini ya tandiko, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Nyuma yake huja Somoe na ndoo kichwani. Kamba yake ya kisimani ameifunga boliti moja ya chuma kutoka kwenye lile kopo, ile kubwa ya tandiko, kwa sababu ndoo ya plastiki ni nyepesi mno, bila kitu kizito haizami.